Hata Mwamba Huhama

Kabula mwanangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Sijawahi kukuandikia barua kwa sababu hujawahi kulala mbali nami muda wa kutosha barua kufika. Najua utaisoma polepole, midomo ikichezacheza, kama ulivyokuwa ukisoma Biblia ya Kiswahili kanisani huku wenzako wanakucheka. Soma tu. Kiswahili chako si kibovu kama unavyodhani, ni uvivu.

Sasa hivi ni jioni na jua bado liko juu ya mapaa ya Thornton Heath, mtaa wetu huu wa London, kana kwamba halina kwao. Baba yako amelala, zamu yake ya kuendesha basi ni ya usiku. Wewe uko dukani unamalizia siku yako ya mwisho ya kuuza viatu. Ukirudi utakuwa na muda mdogo tu kabla mwalimu wako hajapiga simu kuuliza: unakwenda Svalbard, kwenye visiwa vile vya barafu, na wenzako kesho alfajiri, au atafute mtu mwingine? Begi lako liko koridoni. Jana lilikuwa limejaa. Leo asubuhi nimeona umeanza kulipakua.

Na mimi ndiye niliyelipakua, ingawa sikuligusa kwa mkono.

Sitakuambia habari za soksi, wala mafuta ya midomo, wala kula kabla ya kutoka kwenye baridi. Hayo baba yako ameshakuchosha nayo. Mimi nataka kukueleza kwa nini Jumapili, mbele ya mgeni, na ugali ukiwa mezani, nilikuambia ukienda huko radhi yangu usahau. Tangu siku hiyo kila asubuhi umekuja mlangoni kwangu ukasema "Shikamoo Mama", hayo maneno mawili ya Kiswahili ambayo hujawahi kuyaacha, nami nikakujibu "Marahaba" nikitazama ukuta. Nimejisikia vibaya kila mara. Lakini mdomo wangu unaujua, ukishafunga umefunga.

Wewe mawe ya Mwanza uliyaona ukubwani, ukiwa mgeni, ukayapiga picha. Mimi nilikua nayo. Nyumba yetu pale Mabatini ukuta wa nyuma ulikuwa mwamba wenyewe, nyumba imeegemezwa hapo. Juu yake tulianika nguo, tukaanika dagaa, na mvua ikinyesha tulisikia maji yanateremka nyuma ya vitanda vyetu. Babu yako alipohamia kwa mwanamke wa Geita, Bibi yako hakulia hata siku moja mbele yetu. Alikwenda kwa jirani akaazima nyundo.

Kuponda kokoto si kazi ya nguvu peke yake, ulijionea. Asubuhi na mapema Bibi aliwasha magogo na tairi bovu juu ya mwamba akauacha upikike. Alikwenda zake kupika uji, akarudi, akaongeza moto, akangoja. Mchana mwamba ulilia, pwaa! Ganda zima likabanduka. Hapo ndipo mtaimbo ulipoingia, halafu nyundo kubwa, halafu sisi watoto na nyundo ndogo. Nilikuwa na kipete changu cha mpira wa tairi. Unalizungushia jiwe mpira huo, unashika mpira, unapiga katikati, na vidole vinapona. Darasani walinijua kwa vumbi. Nywele zangu zilikuwa nyeupe kabla ya nywele za bibi yangu.

Siku jicho la Bibi lilipotoka hapakuwa na kisa chochote. Alikuwa anapiga soga na mwenzake, anacheka, nyundo inakwenda kama kila siku. Nikamwona ameacha kucheka. Kijipande cha jiwe kimemruka jichoni, kidogo kuliko punje ya mchele. Akaosha kwa maji ya ndoo, akajifunga kanga kichwani, akamalizia fungu lake kwa sababu lori lilikuwa linakuja jioni. Hospitali alikwenda kesho yake. Nilikuwa nimekaa pembeni yake na kipete changu mkononi, na nikaapa pale pale kwamba nikizaa mtoto, huyo mtoto hatashika nyundo. Kiapo cha mtoto, lakini nilikibeba mpaka Ulaya.

Sasa nitazame mimi! Nimevuka dunia nzima nikimbie mawe. Nimesafisha ofisi za watu, nimewageuza wazee vitandani kwenye nyumba za kutunzia wazee mpaka mgongo umeniita majina yote. Halafu mwanangu mmoja anakwenda chuo kikuu, anasoma miaka minne, anavaa joho, na kazi anayoichagua ni ipi? Kugonga mawe kwa nyundo! Tena mbali kuliko mtu mwenye akili anavyokwenda, kwenye barafu, penye dubu mweupe, na kabla ya kuondoka wamekufundisha kupiga bunduki. Jamani! Mama Furaha, mwenzangu wa kanisani, alidhani namtania nilipomwambia.

Baba yako anacheka tu. Unamjua, Mzaramo yule, utani wa Wasukuma na Wazaramo kaufanya mto wa kulalia. "Dubu gani atamsogelea Msukuma?" anasema. "Atadhani ni ng'ombe wake amepotea." Mimi nikimwambia awe na akili ananipa methali: mtoto akililia wembe mpe. Nikamwambia, wewe mpe, mimi ndiye nitakayefunga kidonda.

Lakini nikiwa mkweli, jiwe la kwanza nilikutia mkononi mimi.

Wewe hukumbuki vizuri, ulikuwa na miaka sita na ndio kwanza umeanza shule. Ilikuwa baridi yetu ya kwanza hapa. Baba yako alikuwa ametutangulia kuja kusoma ufundi wa magari, kozi ikaisha, yeye akabaki, akatuita. Nikawa na mchicha, nikawa na karanga, sina cha kupondea. Kinu hakuna. Nikasema basi, nitatafuta jiwe. Nikakushika mkono tukatoka. Mwanangu, tulizunguka bustani ile ya watoto, tukazunguka kituo cha treni, tukapanda mpaka kule juu penye makaburi, na London hii yote sikuona jiwe! Kila nikichimba kwa kisigino ni udongo, udongo mzito wa kufinyangia vyungu. Nikajiuliza, hawa watu wamejenga juu ya nini? Mimi nilidhani chini ya dunia yote kuna Mwanza.

Tulipokuwa tunarudi nikaona mawe mazuri yamepangwa mbele ya nyumba ya jirani, maua katikati. Nikalichukua moja, la ukubwa wa mkate, nikaliingiza ndani ya koti. Sikuiba. Kwetu nani aliwahi kuwa na jiwe lake? Jiwe ni la aliyeliokota. Mlango ukafunguliwa, akatoka mzee wa Kiingereza na sweta lake la kijani, anasema maneno nisiyoyajua, taratibu, ananyoosha kidole kwenye tumbo langu. Nilitamani ardhi inimeze, na kwa udongo ule ingenimeza kweli.

Wewe ndiye uliyemjibu. Kiingereza chako cha wiki chache. Nilikuuliza baadaye umemwambia nini, ukasema: "Nimemwambia mama anasema mawe ni ya Mungu."

Sikuwa nimesema hivyo, mwongo wewe. Lakini yule mzee alicheka mpaka akashika mlango. Akaniambia nichukue, na akakueleza wewe kwamba jiwe lile alilibeba na marehemu mkewe kutoka kisiwa kimoja cha Uskoti, kaskazini, walipokuwa vijana. Nikaliosha, nikaponda karanga zangu. Ulikuwa unakaa chini ya meza ya jikoni unalipapasa mistari yake, mweupe, mweusi, mweupe, unanisumbua kwa maswali. Nani aliichora? Kwa nini imepinda? Mimi nikikujibu, "Toka hapo, nitakuponda vidole."

Ndilo hilo hilo ulilolibeba ukiwa mwaka wa kwanza chuoni, ukalirudisha jioni ukiwa umeliviringisha kwenye taulo kama mtoto mchanga. Ukaniambia lina karibu miaka bilioni tatu, miamba ya namna hiyo ndiyo mizee kuliko yote Uingereza, na tafadhali nisilitumie kupondea vitunguu tena. Nilikuuliza, hiyo miaka yote lilikuwa linafanya nini kama si kungoja vitunguu vyangu? Ulicheka kwa hasira. Nami niliendelea kupondea vitunguu, unajua.

Kuna jambo jingine ambalo tumelizunguka miaka minne, mimi na wewe. Watanzania wenzetu hapa niliwaambia mama yangu alikuwa na duka. Hata wewe nilikuambia. Duka la vitambaa, nililipaka hata rangi, milango ya buluu. Mwaka ule elfu mbili na mbili tulipokwenda Mwanza nilipanga tufikie hotelini, Bibi aje hapo, tumwone amevaa vizuri, basi. Wewe ukatoroka asubuhi na mapema ukapanda Mabatini peke yako kwa kuulizauliza. Nilipokufuata nilikukuta umekaa juu ya fungu la kokoto, suruali yako ya Ulaya nyeupe tii kwa vumbi, na Bibi yako wa jicho moja anakuchapa mkono kwa sababu umeshika nyundo kama kijiko.

Uliniuliza mbele yake, "Mama, duka liko wapi?"

Bibi hakujua habari za duka. Alinitazama kwa lile jicho, akaelewa yote. Alisogea kidogo akanipisha nikae. Sikukaa, niliogopa kuchafua gauni. Nimejuta kusimama pale kuliko nilivyojuta kudanganya, maana uongo niliusema mbali naye, lakini kusimama alikuona kwa jicho lake.

Wewe ulikaa naye wiki tatu. Ulimwambia umesoma kitabuni kwamba mwamba wake una zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Akauliza, "Nani alikuwepo akahesabu?" Ukajaribu kumweleza kwa Kiswahili chako kile, kuna chembe ndani ya jiwe zinabadilika polepole, unapima kiasi kilichobadilika. Akakusikiliza vizuri. Mwisho akasema, "Kumbe miaka yote nimekuwa nampiga nyundo mzee. Mbona hakuniambia?" Mlicheka nyie wawili mpaka majirani wakaja. Mimi nilikuwa pembeni, nimenuna, nasikia wivu. Ndiyo, wivu. Mlikuwa mmekaa kwenye aibu yangu kana kwamba ni mkeka.

Ulirudi London ukaacha maombi ya ufamasia, ukajaza jiolojia.

Basi Jumapili. Mama Furaha amekuja baada ya ibada, tunakula, wewe unamweleza juu ya hicho kisiwa chenu. Upande wa mashariki kabisa wa Svalbard, karibu chote barafu, mwamba unachungulia pembeni tu. Na sasa barafu inarudi nyuma, miamba inatoka ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona wala kuigusa. Macho yako yalikuwa yanawaka. Mimi nikauliza kwa ubaya, kwani ina umri gani hiyo? Ukasema karibu bilioni moja, mingine zaidi. Nikakukamata hapo hapo! "Kwa hiyo ya Mwanza ni mizee kuliko hiyo? Sasa si uende Mwanza, ukae kwa bibi yako, kuna joto na hakuna dubu?" Baba yako akapiga makofi. Ukanijibu kwa upole kwamba ya Mwanza wameshaisoma wengi. Hii, ukishika nyundo, wewe ndiye wa kwanza.

Lile neno, nyundo. Nikakusikia umelisema kwa furaha, nikaona kanga ya Bibi imelowa damu. Yakanitoka. Mama Furaha mwenyewe aliweka kijiko chini. "Eh, Mama Kabula," akasema na kile Kiswahili chake cha Bukavu, Kongo, "mutoto anaenda ku kazi, haendi ku vita. Usimufungie njia na kinywa." Nikamwambia asiingilie. Mwanamke aliyevuka mipaka mitatu na watoto mgongoni, namwambia mimi asiniingilie kuhusu hatari! Nimeshampigia simu kumwomba radhi. Amenicheka.

Jana usiku baba yako kabla ya kwenda kazini alisimama mlangoni amevaa sare yake, hana utani. Akasema, "Hongera. Umeshinda. Mtoto amesema bila radhi ya mama yake haendi."

Mwanangu, nitakuambia kweli. Kwanza nilifurahi. Nililala kama mtu aliyekula akashiba. Asubuhi nimetoka chumbani nimekukuta umechuchumaa koridoni, unatoa yale makoti mazito moja moja, unayakunja, unayaweka pembeni bila hata kuyapiga kofi la hasira. Ukaniona. Ukasema, "Shikamoo Mama." Sauti ile ile. Laiti ungenitukana! Nikaingia bafuni nikafungua bomba nikalia.

Ulipoondoka kwenda kazini nikachukua kadi ya simu ya kukwangua, nikampigia Bibi yako kwenye ile simu uliyomnunulia. Nilijua atakuwa upande wangu. Nani mwingine ana haki ya kuchukia mawe kama si yeye?

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Mama."

"Sasa mbona unapiga siku isiyo Jumapili?"

Nikamweleza. Kisiwa, barafu, dubu, bunduki, nyundo. Nikangoja aseme, mkataze.

"Anakwenda kuponda?"

"Anagonga vipande vidogo, anavibeba kwenda kuvisoma."

"Miwani ya kukinga macho anayo?"

"Anayo."

"Basi tatizo ni nini?"

"Mama! Jicho lako je?"

"Jicho langu lilikwenda, mayu, mwanangu. Likabaki jingine. Na kwa hilo jingine nilikuona umemaliza shule, kwa ada ya mawe hayo hayo. Mimi na jiwe tulishamalizana zamani. Wewe ndiye bado unagombana nalo."

Akaendelea, na sauti yake ikapanda, unajua anavyopanda. "Na wewe ulipoondoka, unadhani mimi nilipenda? Mwanangu anapelekwa Ulaya, sijui watu wake, sijui wanakula nini! Nilitaka nilale juu ya reli treni isipite. Lakini nilikwenda stesheni nikafanya nini?"

Nilikuwa nimesahau, Kabula. Kweli nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha. Stesheni ya Mwanza, watu wamejaa, wewe nimekubeba mgongoni ingawa ulishakuwa mkubwa, nisikupoteze. Bibi alichukua maji kwenye kikombe cha bati, akayajaza mdomoni, akanipulizia kifuani, fuuu, mbele ya abiria wote, halafu na wewe mgongoni ukapuliziwa ukaanza kulia. Hivyo ndivyo kwetu mzazi anavyomfungulia mtoto njia. Maneno hayatoshi, lazima kitu kitoke ndani ya mwili wake kiingie kwenye safari yako. Mimi nilikuwa nimevaa blauzi mpya ya safari. Nilijifuta haraka kwa leso nikitazama kama wale waliovaa suti wameniona.

"Ulijifuta," akasema Bibi. Ana jicho moja lakini ameona hilo tangu mwaka tisini na moja. "Ulijifuta lakini ilikuwa imeshaingia. Ndiyo maana hujafa huko. Sasa mate yangu mimi hayafiki Ulaya. Mtemee wewe."

Na kadi ikaisha hapo hapo, hata kuagana hatukuagana.

Nimekaa mezani tangu wakati huo. Nimefikiri juu ya lile ulilonieleza mwezi uliopita, siku unanionyesha ramani na mimi najifanya natazama sufuria. Nilisikia kila neno. Ulisema hivyo visiwa havikuzaliwa kwenye barafu. Zamani, kabla ya mnyama yeyote kutembea, ile miamba ilikuwa kusini ya ikweta, upande wetu, kwenye joto. Ikasogea. Polepole kuliko kucha inavyokua, hakuna aliyeiona ikienda, mpaka ikafika kule juu ikafunikwa na theluji, na sasa kila mtu anadhani ni ya huko huko. Nikajiambia, loh, hata mwamba huhama! Mimi nilidhani kuhama ni shida ya watu maskini. Basi na yenyewe ni wageni wa watu, imetoka kwetu. Unapokwenda kuigusa huendi ugenini sana.

Sasa niseme machache, halafu ninyamaze.

Mahali utakapofika kuna watu watakuuliza unatoka wapi. Utakuwa peke yako mwenye ngozi hiyo kwenye meli itakayowapeleka, usijidanganye. Waambie ukweli mzima. Waambie bibi yako ni mponda kokoto wa Mabatini na mama yako anaosha wazee London. Mimi nilifungua duka la uongo, na duka lile lilinichosha kuliko kazi yoyote niliyofanya mji huu, kwa sababu halikuwahi kufungwa. Kila mgeni alikuwa mteja.

Ukiogopa, sema umeogopa. Mimi niliogopa nikasema nimekasirika, na tazama wiki ilivyokwenda. Hasira inaheshimika nyumbani kwetu, woga hauheshimiki, kwa hiyo tunaweka woga ndani ya hasira na kuupeleka mezani. Wewe usirithi hilo. Rithi kucheka kwa Bibi.

Na ukikosana na mtu kwenye kile kisiwa, ambako hakuna mlango wa kubamiza wala basi la kupanda, usingoje mpaka mtu wa tatu aje kukuambia umeshinda. Mtangulie. Nimekutesa wiki nzima kwa kungoja wewe ndiye unibembeleze, mimi mama mzima. Nisamehe, mwanangu. Nimelisema kwa kuliandika kwa sababu kwa mdomo ningelia, na wewe ungelia, na baba yako angeamka akaanza utani.

Sijui kama utaona kitu kikubwa huko au mtarudi na mifuko ya mawe ya kawaida. Kwangu ni sawa. Nataka ushike jiwe lile ambalo halijaguswa, ulishike kwa mkono mtupu kwanza kabla ya nyundo, na ukae juu yake hata dakika moja, na usijali kuchafua nguo.

Nakuamini. Nimekuamini tangu siku ile ulipomdanganya mzee wa watu kwa niaba yangu ukiwa na meno mawili ya mbele hayapo. Woga wangu ulikuwa mkubwa kuliko imani yangu, lakini haukuwahi kuiua.

Makoti yako nimeyarudisha ndani ya begi, yote, jinsi ulivyokuwa umeyapanga. Mwalimu wako akipiga simu, mjibu kwa sauti ya mtu anayekwenda.

Nimechungulia dirishani, nakuona unavuka barabara na unatembea kichwa chini. Barua hii naiweka juu ya begi, koridoni, uikute kabla hujanikuta mimi. Isome umesimama hapo hapo, na safari hii tafadhali usisome polepole. Mimi nakwenda jikoni kuchukua maji kwenye kikombe, na nikishayajaza mdomoni sitaweza hata kukuitikia shikamoo. Usidhani bado nimenuna. Njoo usimame mbele yangu, fungua koti, na usijifute.

Mama yako.